I-73 hadi Myrtle Beach: nembo ya Interstate haiji na hela

Myrtle Beach, katika jimbo la South Carolina, ni mji wa ufukweni unaopokea wageni kwa mamilioni kila mwaka, na hauna barabara ya Interstate, yaani barabara kuu ya kasi ya mtandao wa taifa zima. Ya karibu ni I-95, iliyo bara umbali wa kama kilomita 100. Katikati kuna US 501 yenye njia nne, taa za kuongozea magari, maduka kandokando na watu wanaokata kushoto kuingia kituo cha mafuta. Jumamosi ya Julai wageni wa wiki iliyokwisha wanarudisha funguo za nyumba asubuhi, wapya wanakabidhiwa alasiri, na makundi yote mawili yako kwenye lami ileile.

Dawa yake imo kwenye sheria tangu 1991. Sheria ya usafiri ya mwaka huo, ISTEA, iliutaja ukanda wa I-73/I-74 kutoka Michigan hadi pwani ya South Carolina kuwa wa kipaumbele. North Carolina imeshajenga sehemu kubwa ya upande wake, kutoka Greensboro kushuka hadi Rockingham. South Carolina, zaidi ya miaka 30 baadaye, haijafungua hata kilomita moja kwa jina la I-73. Ukisoma ubishi wa watu mitandaoni utakuta wengi wanailaumu Washington, kwa imani kwamba barabara ikishapewa namba ya Interstate serikali kuu ndiyo inayolipa.

Zamani ilikuwa hivyo kweli. Sheria ya 1956 iliweka mfuko maalumu wa kujenga mtandao huo, Washington ikilipa asilimia 90 na jimbo asilimia 10. Mfuko huo wa ujenzi ulifungwa katikati ya miaka ya 1990, mtandao wa awali ulipohesabiwa kuwa umekamilika. Barabara mpya za Interstate zilizotajwa baada ya hapo zilipewa namba bila fungu. Asilimia 90 bado inaruhusiwa kisheria, lakini inatoka kwenye mgao uleule ambao jimbo lingepewa hata kama I-73 isingekuwapo, mgao unaosubiriwa pia na madaraja mabovu na lami iliyopasuka. Ni ugali uleule, umebadilishiwa sahani. Tena mgao wenyewe unategemea kodi ya petroli ya senti 18.4 kwa galoni, ambayo haijapanda tangu 1993.

Kuna jambo jingine ambalo wasiofanya kazi za serikali hulisahau. Hela ya serikali kuu ni ya kurejeshewa. Jimbo linamlipa mkandarasi kwanza, linapeleka hati, kisha linarudishiwa sehemu yake. Jimbo lisilo na fedha taslimu za kuzungusha haliwezi hata kuanza kutumia mgao ambao tayari ni wake.

Kwa hiyo swali la I-73 ni moja tu: jimbo liko tayari kutenga kiasi gani, na kwa miaka mingapi mfululizo?

Mwaka 2021 Gavana Henry McMaster alijibu nusu ya kwanza. Makadirio ya wakati huo yalikuwa dola bilioni 1.6. Mgawanyo uliopendekezwa ulikuwa milioni 795 kutoka jimboni, milioni 450 kutoka serikali kuu na milioni 350 kutoka kwa wenyeji, yaani Kaunti ya Horry na miji yake. Gavana akaomba milioni 300 ziwe malipo ya kwanza ya sehemu ya jimbo, kwa kuwa hazina ilikuwa imenona kutokana na ziada ya kodi na misaada ya baada ya korona. Bajeti iliyopita mwaka 2022 haikuwa na fungu hilo.

Wabunge waliokataa hawakuwa wendawazimu. SCDOT, idara ya usafiri ya jimbo, inatunza barabara za takriban maili 41,000, sawa na kilomita 66,000, mojawapo ya mitandao mikubwa zaidi kumilikiwa na jimbo lolote la Marekani, ilhali jimbo lenyewe ni dogo. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipandisha kodi ya petroli kutoka senti 16.75 kwa senti mbili kila mwaka hadi 28.75. Gavana huyohuyo aliikataa kodi hiyo, bunge likapiga kura ya kulishinda katazo lake na ikapita. Wapiga kura waliambiwa kwamba fedha hizo ni za kukarabati barabara zilizopo. Mbunge wa Greenville, aliyeko milimani upande wa pili wa jimbo, atawaambia nini watu wake wanaosota foleni ya I-85 akikubali zipelekwe kwenye tuta jipya la kuelekea baharini? Juu ya hapo, sheria ya 2007 inaitaka SCDOT ipange miradi kwa vigezo, si kwa mwenye sauti kubwa. Kwenye vigezo vya msongamano na ajali za mwaka mzima, barabara ya wikiendi za kiangazi haifui dafu.

Hapo kwenye wikiendi pana hesabu ya kihandisi inayostahili kufafanuliwa. Barabara haisanifiwi kwa wastani wa magari kwa siku, wala kwa saa mbaya kuliko zote. Kwa desturi, ukipanga saa zote za mwaka kuanzia yenye magari mengi zaidi, za vijijini husanifiwa kwa saa ya 30. Kwenye barabara ya kazini, saa ya 30 na saa ya 300 karibu zinalingana. Kwenye barabara ya ufukweni idadi ya magari kutoka saa moja hadi nyingine kwenye orodha hiyo inashuka kama genge: saa chache za Jumamosi zimejaa pomoni, na Jumanne ya Februari unaweza kuanika mpunga barabarani. Ukisanifu kwa saa ya 30 unajenga njia ambazo zitalala tupu miezi minane. Ukisanifu kwa wastani, foleni inabaki palepale. Mteremko huohuo ndio unaoharibu wazo la tozo. South Carolina ilishaonja: Southern Connector ya Greenville, iliyofunguliwa 2001, ilikusanya tozo chini sana ya makisio, na shirika lililokopa kuijenga likaingia mufilisi mwaka 2010. Wanunuzi wa hatifungani hawajasahau.

Basi wenyeji walichangaje? Kaunti ya Horry ina historia nzuri hapa, nzuri kuliko inavyosifiwa. Miaka ya 1990 ilianza kutoza asilimia 1.5 kwenye vyumba vya hoteli, chakula cha mgahawani na tiketi za burudani, ili kulipa mkopo wa benki ya miundombinu ya jimbo. Mkopo huo ulijenga, pamoja na vingine, barabara ya SC 22 inayoizunguka Conway, iliyofunguliwa 2001. Mgeni alilipa, mwenyeji akapata barabara. Deni lilipokaribia kwisha kaunti ikataka tozo iendelee kwa ajili ya I-73, na mwaka 2018 ikaingia makubaliano na SCDOT ya hadi dola milioni 25 kwa mwaka. Mwaka 2019 jiji la Myrtle Beach likafungua kesi likidai kaunti haina haki ya kuendelea kutoza ndani ya mipaka ya jiji. Kesi iliishia kwa maridhiano, ila makubaliano na SCDOT yalikuwa yameshavunjika.

Tazama milioni 25 hizo zina uzito gani. Ukikopa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 4, malipo ya milioni 25 kila mwaka yanabeba mkopo wa kama milioni 432. Lakini wakopeshaji hawakubali uwape senti ya mwisho. Wakitaka mapato yazidi malipo kwa asilimia 20, unabaki na milioni 20.8 za kulipia, na mkopo unashuka hadi karibu milioni 360. Linganisha na ile milioni 350 ya wenyeji. Riba ikipanda hadi asilimia 5, milioni 20.8 hizo zinabeba 320 tu, na pengo la milioni 30 linatokea bila mtu kuiba hata mfuko mmoja wa saruji. Ndiyo maana ahadi ya mapato ya kila mwaka ina thamani kuliko hundi moja kubwa: inakopeka. Hundi ya mara moja ya milioni 300 inatosha kununua ardhi, kuhamisha nguzo za umeme na kufungua kipande cha kwanza. Baada ya hapo mkandarasi anaondoa mitambo, na kumrudisha ni gharama nyingine.

Sasa hela hizo zinamezwa na nini? Lami ndiyo watu wanayoiona, lakini kwenye nyanda za pwani ya Carolina pesa inaishia chini ya lami.

Anza na vipimo. Interstate ina njia zenye upana wa futi 12 (mita 3.66), bega la lami la nje futi 10, la ndani futi 4, na hakuna mtu anayeingia barabarani kutoka uani kwake, wote wanapitia makutano ya ngazi, ambapo barabara moja hupita juu ya nyingine. Kila upande wa barabara unakuwa na lami ya mita 11.6. Weka tuta la urefu wa mita 1.5, kwa sababu maji ya chini yako karibu na uso wa ardhi, kilele chake mita 13.4 na miteremko ya moja kwa nne. Eneo la mkato linakuwa mita za mraba 29 kwa upande mmoja, 58 kwa pande mbili, yaani kama mita za ujazo 58,000 za kifusi kilichoshindiliwa kwa kila kilomita. Kifusi kikichimbwa kinavimba. Ukihesabu robo zaidi, na tipa inayobeba mita za ujazo 15, ni safari zipatazo 4,850 kwa kilomita moja, kabla hujamwaga kokoto. Kokoto yenyewe haipo pwani. Eneo lote ni mchanga, mfinyanzi na mboji. Jiwe gumu la granaiti linatoka machimbo ya bara, na huletwa kwa treni au malori.

Mboji ndiyo adui. Nyanda hizo zina mabonde ya mviringo yanayoitwa Carolina bays, ukiyaona kutoka angani kama nyayo za mayai, na mengi yamejaa udongo mweusi wa majani yaliyooza. Ukiweka tuta juu yake linatitia, na halititii sawasawa. Njia ni tatu. Unachimba mboji yote na kujaza mchanga, jambo linalowezekana kama kina ni mita mbili au tatu. Au unapigilia tepe za kutolea maji wima, unaweka mzigo wa ziada wa kifusi juu, unasoma bamba za kupimia mtitio kila wiki, na unasubiri miezi kadhaa hadi mtitio utulie. Au unajenga daraja. Kosa la kawaida ni kuondoa mzigo mapema kwa kuwa tarehe ya kukata utepe imeshatangazwa. Matokeo yake dereva anayahisi mwaka wa pili, penye kiungo cha tuta na daraja: daraja limesimama kwenye nguzo, tuta limeshuka, gari linaruka. Wakazi huita hilo kazi mbovu ya lami, wakati lami haina hatia.

Halafu ardhi oevu. Njia iliyochaguliwa inavuka mto Little Pee Dee na vinamasi vyake, na kibali kilichotolewa na Kikosi cha Wahandisi cha jeshi la Marekani mwaka 2017 kinaruhusu kufukia zaidi ya ekari 300. Kwa sheria ya maji safi, anayefukia lazima afidie kwingine. SCDOT ilifidia kwa kupata eneo la Gunter's Island, kando ya mto huohuo, lenye ukubwa wa zaidi ya ekari 6,000, libaki pori. Wanamazingira walishtaki hata hivyo, mwaka huohuo, wakisema jimbo halikupima kwa uaminifu njia mbadala. Nitairudia hoja yao, maana ina mashiko.

Muda nao ni gharama iliyojificha. Uamuzi wa mwisho wa tathmini ya mazingira ulisainiwa 2008. Kwa kanuni za serikali kuu, miaka mitatu ikipita bila hatua kubwa, tathmini inapitiwa upya kabla ya kuendelea: idadi ya magari, viumbe walio hatarini, nyumba zilizojengwa njiani. Kibali cha ardhi oevu nacho kina mwisho wake. Jimbo linalosita kutoa fedha linajikuta linalipa washauri kusasisha makaratasi ya barabara ambayo haijaanza.

Ardhi ya watu ina mtego wake, na hapo jirani wa kaskazini ana funzo. Tangu 1987 North Carolina ilikuwa na sheria iliyoiruhusu idara yake ya usafiri kuchora ramani ya njia ya baadaye na kuwanyima wenye mashamba vibali vya kujenga, bila kununua ardhi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuona alama ya X nyekundu ukutani anaelewa bila kufafanuliwa. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kwamba kuchora ramani hiyo ni kutwaa mali, na mali iliyotwaliwa inalipwa fidia. Malipo yakafika mamia ya mamilioni ya dola. Yakakutana na gharama za vimbunga, na mwaka 2019 idara ikaishiwa fedha za kuzungusha hadi miradi mingi ikasimamishwa. Kama jimbo halina fedha za kununua njia, bora lisiichore shambani kwa mtu.

Hoja ya kimbunga, kwamba watu wa pwani wanahitaji njia ya kuhama, ndiyo inayotumiwa zaidi kuitetea I-73. Ina ukweli, ila husemwa nusu. Kimbunga Florence kilipopita Septemba 2018, upepo haukuwa tatizo kubwa la Horry. Maji ya mvua ya North Carolina yalishuka polepole na mto Waccamaw ukapanda pale Conway hadi zaidi ya futi 21, siku nyingi baada ya jua kuwaka tena. US 501 ilibaki wazi kwa sababu jimbo lilijenga haraka ukuta wa muda kando ya lami kuzuia maji. SC 22 ilifungwa. Na SC 22 ndiyo itakayobandikwa nembo ya I-73 katika kipande cha mwisho cha kufika baharini. Kwa mpango wa sasa kazi kubwa iliyotajwa kwake ni kupanua mabega yafikie kipimo cha Interstate. Bega pana ni zuri siku ya kuhama, kwa kuwa gari lililoharibika haliwafungii wengine njia. Lakini bega pana lililo chini ya maji halimwokoi mtu. Ningekuwa nagawa fungu la kwanza, ningeanza na kuinua SC 22 penye bonde la Waccamaw na kuongeza madaraja ya kupitishia mafuriko, hata kama nembo haitabandikwa leo.

Hiyo inanirudisha kwa wanamazingira. Pendekezo lao liliitwa Grand Strand Expressway: chukua SC 38 na US 501 zilizopo, ondoa taa, jenga makutano ya ngazi, zungusha pale penye miji, unganisha na SC 22. Haliwi Interstate kamili kwa siku moja, na watetezi wa I-73 wana haki kusema kwamba kununua haki ya kuingilia barabarani kutoka kwa kila duka lililo kandokando ya US 501 si bure. Lakini lina sifa moja ambayo tuta jipya shambani halina: kila kipande kinafaa siku kinapofunguliwa. Serikali kuu yenyewe inadai kila kipande kiwe na manufaa peke yake na mwanzo na mwisho wenye mantiki, na hilo ni gumu kulionyesha kwa kilomita 15 zinazoishia kwenye shamba la pamba la Kaunti ya Marion.

North Carolina inafanya hivyohivyo kwenye US 70 kutoka Raleigh hadi bandari ya Morehead City, iliyopewa jina la I-42 mwaka 2016. Clayton ilipata barabara ya kuzunguka 2008, Goldsboro 2016, kisha zamu ikaenda Havelock, ambako jimbo lilikubali hata kuifunga barabara pale msitu wa Croatan unapochomwa kwa makusudi kwa ajili ya kigong'ota adimu wa misonobari. Nyuma yake kuna sheria ya 2013 inayogawa fedha kwa alama: asilimia 40 kwa miradi ya jimbo zima, 30 kwa kanda, 30 kwa wilaya za ujenzi. Si mfumo wa haraka, na miji ya pwani hulalamika kwamba Charlotte na Raleigh zinakomba ile asilimia 40 ya jimbo zima. Hata hivyo kila mwaka kuna kitu kinachochimbwa.

Huko Horry, wapiga kura walikubali Novemba 2024 kuendeleza kodi ya mauzo ya senti moja kwa kila dola kwa programu ya barabara ya RIDE 4, na I-73 imo kwenye orodha. Kwa hiyo upande wa wenyeji umepata mapato ya kila mwaka. Ukitaka kujua kama jimbo nalo limebadilika, usisome hotuba. Fungua bajeti inayofuata kwenye fungu la SCDOT, tafuta I-73, kisha angalia imeandikwa safu gani: ile ya fedha za mara moja, au ile inayojirudia kila mwaka.